Ufundi wa sauti au mtindo wa muziki: mwimbaji aanze na kipi?

Chukua mstari mmoja wa wimbo: "Usiku umeingia, sijafika nyumbani." Nimeutunga sasa hivi kwa ajili ya mfano. Tuseme mahadhi yake yanapanda hadi kilele kwenye "umeingia", kisha yanateremka polepole mpaka "nyumbani".

Uimbe mbele ya mwalimu wa kwanza. Atakusimamisha kwenye "umeingia". Ameona kidevu kimeinuka, mishipa ya shingo imetuna, na pumzi uliyoivuta mwanzoni imeisha kabla hujafika "nyumbani". Atakuambia uache maneno kabisa, uimbe mahadhi yale yale kwa "vu-vu-vu" huku midomo imekaribiana, mara tano, mara kumi, mpaka kile kilele kipite bila koo kujikaza. Somo linaisha hujatamka hata neno moja la wimbo.

Uimbe mbele ya mwalimu wa pili. Wala hatajali kidevu. Atakuuliza, "Huyu anayeimba yuko wapi? Mbona kama anasoma tangazo?" Atataka "usiku" ichelewe kidogo nyuma ya mdundo, "sija-" ibanwe kwa sababu ndipo machungu yalipo, na "nyumbani" iishie karibu na mnong'ono. Somo linaisha umeimba mstari huo mara ishirini, kila mara kwa namna yake.

Wa kwanza anafundisha ufundi wa sauti. Wa pili anafundisha mtindo. Wote wawili wako sahihi, ila mwanafunzi mwenye saa moja ya somo kwa wiki hawezi kuwatosheleza wote wawili. Nimefundisha waimbaji wa kwaya na wa bendi kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo: Mwalimu, nianze na kipi? Jibu langu ninalo, na nitalitoa. Lakini halitakusaidia usipoelewa kwanza kila kimoja kinakupa nini na kinakunyima nini.

Ufundi: kile ambacho mwili unaweza

Sauti inazaliwa kwenye zoloto, pale kooni panapopanda na kushuka unapomeza mate. Ndani yake kuna mikunjo miwili midogo ya nyama laini, ndiyo tunayoiita nyuzi za sauti. Hewa ikipita kutoka mapafuni, mikunjo hiyo inafunga na kufunguka kwa kasi kubwa mno. Ile La ambayo wanamuziki hutumia kulinganisha ala zao ni migongano 440 kwa sekunde moja. Panda oktava moja, yaani hadi La inayofuata juu yake, inakuwa 880. Piga hesabu ya wimbo wa dakika tatu na utapata makumi ya maelfu ya migongano. Sasa fikiria kila mgongano ukiwa na nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika. Ndiyo maana waimbaji wawili wanaweza kuimba nyimbo zile zile jioni moja, mmoja akaondoka anapiga soga na mwenzake akaondoka anaongea kwa ishara.

Jambo la kwanza la ufundi ni pumzi. Karibu kila mtu amewahi kuambiwa "imbia tumboni", na agizo hilo limewapotosha wengi, maana wanachofanya ni kulisukuma tumbo kama wanaoinua mzigo. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kazi yake ni kuvuta hewa ndani. Unapoimba, kiwambo kinarudi juu taratibu, na kazi ya mwimbaji ni kukichelewesha: mbavu zibaki zimetanuka kwa muda, hewa itoke kidogo kidogo kama maji ya bomba lililofunguliwa nusu. Mwanafunzi akilielewa hili, mara nyingi wiki hiyo hiyo anagundua kuwa hakuwahi kuwa na uhaba wa pumzi. Alikuwa anaimwaga yote kwenye neno la kwanza.

La pili ni kuvuka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti ya kichwa. Majina hayo yametokana na mahali tunapohisi mtetemo. Sauti yenyewe haitoki kifuani wala kichwani. Chini, nyuzi ni fupi na nene. Juu, zinavutwa zikawa ndefu na nyembamba. Katikati kuna mahali ambapo msuli mmoja unatakiwa umwachie mwenzake kazi, na ukikataa kuachia, sauti inavunjika. Wengi wanadhani wamefika mwisho wa sauti yao hapo, kumbe wamefika mlangoni tu.

La tatu ni mvumo, yaani jinsi koo, ulimi, taya na kaakaa laini vinavyoiumba sauti ikishatoka kwenye nyuzi. Hili nitalirudia, kwa kuwa ndipo ugomvi wa ufundi na mtindo unapoanzia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la mrija. Weka mrija kwenye glasi ya maji, ncha izame sentimita 2 au 3, kisha uimbe mahadhi ya wimbo wako kupitia humo. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuruka, pumzi yako imetulia; yakikatika kwenye noti ya juu, ujue hapo ndipo unapokaba. Mdomo ukibanwa namna hiyo, hewa inarudisha msukumo kidogo kuelekea kooni, na nyuzi zinatetema bila kugongana kwa ukali. Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti wa Marekani, ndiye aliyelieneza sana zoezi hili, na leo linatumiwa na waimbaji na hata na wanaotibiwa matatizo ya sauti.

Na hapa Kiswahili kimetupa zawadi ambayo wengi hawaioni. Katika "mtu", "mti" na "mchana", ile "m" ni silabi kamili, inaweza kubeba noti yake peke yake. Midomo imefungwa, sauti inavuma puani, na nyuzi zinapata nafuu inayokaribiana na ile ya mrija. Mwimbaji anayeiruka "m" hiyo haraka haraka ili aikimbilie vokali anatupa mapumziko yaliyowekwa ndani ya lugha.

Uzuri wa ufundi ni kwamba unapimika. Mwezi uliopita ulikuwa unakwama kwenye noti fulani, leo unapita. Ulikuwa unamaliza mazoezi umekauka, leo hukauki. Ulikuwa unashuka nusu sauti mwishoni mwa mistari mirefu, leo unafika ukiwa pale pale. Hakuna anayeweza kubishana na wewe kuhusu hilo.

Mtindo: kile ambacho mwimbaji anaamua

Mtindo ni maamuzi. Neno lianze pamoja na mdundo, mbele yake au nyuma yake? Noti uifikie moja kwa moja au uitelezee kutoka chini? Vibrato, ule mtikisiko mdogo wa sauti, iwepo tangu mwanzo wa noti, ije mkiani tu, au isiwepo kabisa? Madoido mangapi? Maneno yatamkwe kama mazungumzo au kama hotuba? Hakuna msuli unaoweza kukujibia maswali hayo. Majibu yako masikioni mwa watu wanaoishi na muziki huo.

Mitindo mingine imezaliwa na vyombo. Kabla rekodi za umeme hazijaanza kuenea mwaka 1925, mwimbaji ambaye sauti yake haikujaza ukumbi hakuwa na kazi. Kipaza sauti kilipokuja, mtu kama Bing Crosby, mwimbaji wa Marekani, aliweza kuimba kama anayemsemea msikilizaji mmoja sikioni. Wapo waliouona uimbaji huo kuwa uvivu. Kumbe ulikuwa ufundi mwingine kabisa: kuidhibiti sauti ndogo mbele ya chombo kinachosikia kila pumzi na kila mate.

Billie Holiday, mwimbaji wa jazz wa Marekani, ni mfano ninaoutoa kila mara mwanafunzi anaponiambia sauti yake ni finyu. Eneo la noti alizozitumia Holiday halikuwa pana, lilizidi oktava moja kidogo tu. Lakini alijua kulichelewesha neno nyuma ya mdundo mpaka msikilizaji anaanza kulingoja, kisha analiachia mahali ambapo hakuna mwingine angeliachia. Ungempima kwa mizani ya ufundi peke yake, ungemkosa.

Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, naye ni somo la namna nyingine. Alijifunza kusoma Kurani utotoni kwa baba yake, aliyekuwa imamu, na ndiko alikopata pumzi ndefu na matamshi ambayo kila herufi ina mahali pake. Alipokuwa jukwaani aliweza kurudia mstari mmoja tena na tena, kila mara kwa mapambo mapya, na ukumbi ukawa unapiga kelele kuomba aurudie tena. Muziki huo unatumia noti zilizo katikati ya noti za kinanda. Mwanafunzi aliyepasha sauti moto kwa kinanda maisha yake yote anaweza kuwa na koo lisilo na dosari na bado asizipate, kwa sababu sikio lake halijawahi kuziona kama noti. Anazisikia kama makosa.

Na kuna jambo dogo la kwetu sote tunaoimba kwa Kiswahili. Mkazo wetu kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "barabara" mkazo ukiwa kwenye "ba" ya pili, umetaja njia. Upeleke nyuma hadi "ra" ya kwanza, umesema "sawasawa kabisa". Mtunzi akiiweka noti ndefu au mdundo mzito kwenye silabi isiyo yake, mwimbaji wa mtindo anajua kuinama kidogo: anaipunguza noti ile, anaisogeza mbele, analiokoa neno. Mwenye ufundi mtupu ataiimba noti kama ilivyoandikwa, safi kabisa, na msikilizaji atabaki anajiuliza amesikia nini.

Udhaifu wa mtindo ni kwamba hauna rula. Unaweza kufundishwa miezi sita na usiwe na kitu cha kumwonyesha mtu zaidi ya kusema "sasa naimba kwa hisia". Kwa mwanafunzi anayehitaji kuona hatua zake, hilo linakatisha tamaa.

Pale mtindo unapovaa joho la ufundi

Hapa ndipo nataka tukae kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotezewa miaka.

Mwimbaji wa opera anaimba bila kipaza sauti mbele ya okestra nzima. Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda juu ya hapo inapungua. Waimbaji wa opera, hasa wa kiume, huliumba koo likakusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu, na hivyo mtu mmoja anasikika juu ya ala makumi. Mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, ameueleza utaratibu huo kwa undani. Ili kuupata, zoloto linashushwa, koo linatanuliwa, vokali zinaviringwa, na vibrato inatembea mfululizo, mara 5 hadi 7 kwa sekunde.

Ni kazi ya kustaajabisha, nami naiheshimu sana. Lakini ni jibu la swali moja: nitasikikaje kwenye ukumbi mkubwa bila umeme? Mwalimu akikufundisha zoloto la chini na vokali za kuviringa akakuambia kuwa hiyo ndiyo "sauti sahihi", amekuuzia mtindo kwa jina la ufundi. Huenda hajui kuwa amefanya hivyo, kwa sababu naye alifundishwa hivyo hivyo.

Nilikuwa na mwanafunzi, binti wa kwaya ya injili, sauti yake ya moto na ya wazi. Alikaa mwaka mzima kwa mwalimu mwingine wa uimbaji wa kiopera, kisha akarudi kwangu akiwa na huzuni. "Mwalimu," akaniambia, "wenzangu wanasema siimbi tena, natumbuiza." Nikamwomba aimbe kipande cha kibwagizo. Neno "Bwana" lilitoka kinywani mwake kama "Bwono". Kila "a" ilikuwa imezamishwa kisimani. Noti ilikuwa nzuri, imejaa, iko mahali pake, ila mtu aliyekuwa anaomba hakuwepo tena.

Sikumpa zoezi la sauti. Nilimwambia aniambie maneno yale kama anamweleza dada yake habari, bila kuimba. "Bwana" ikatoka wazi. Nikamwambia ayaseme tena, safari hii juu kidogo, kama anamwita dada huyo aliye ng'ambo ya uwanja. Kisha tena, akishikilia noti. Pale pale kwenye mwito ule, "a" yake ya zamani ikarudi, na machozi yakamlengalenga. Ilituchukua wiki kadhaa kuizoesha kwenye wimbo mzima.

Lakini sipendi kisa hiki kisimuliwe nusu, kama wengine wanavyokisimulia ili kuubeza ufundi. Kabla ya mwaka ule, binti huyo alikuwa akiimba ibada mbili na ya tatu hana sauti. Aliporudi, aliimba zote tatu na kuongea baadaye. Pumzi aliyofundishwa ilikuwa pumzi kweli, na njia ya kupita mlangoni kuelekea sauti ya kichwa ilikuwa njia kweli. Kilichomdhuru ni umbo moja la mdomo na koo, alilopewa kama sheria wakati lilikuwa chaguo. Tulibakiza mengine yote.

Kwa hiyo unapopewa zoezi, uliza: hili linanisaidia kuimba nini? Mrija, kupunguza mkazo wa taya, kuchelewesha pumzi, hivyo vinamfaa yeyote. Kuviringa vokali, kushusha zoloto, kuweka vibrato kila noti, hivyo vina mwenyewe. Mwalimu mzuri atakujibu bila kukasirika.

Mtindo usio na ufundi nao unakula sauti

Upande wa pili una majeruhi wake, na wengi wao ni vijana. Anamsikia mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza, anaipenda, anaiiga kwa kuyakwangua makoo yake yeye. Asichojua ni kwamba waimbaji wengi wanaodumu na sauti ya namna hiyo wanaitoa kwa mikunjo bandia iliyo juu ya nyuzi za sauti, huku nyuzi zenyewe zikiendelea kutetema kwa utulivu. Masikio hayawezi kukuonyesha tofauti hiyo. Wimbo unasikika ule ule, na koo moja linapona usiku wakati jingine linaota vinundu.

Historia ya uimbaji ina mfano maarufu. Jenny Lind, mwimbaji wa opera wa Uswidi, alikuwa tayari nyota Stockholm, anashangiliwa, alipofika Paris mwaka 1841 kwa mwalimu Manuel García sauti ikiwa imechoka vibaya. Mtindo alikuwa nao, hadhira alikuwa nayo. García alimtaka kwanza anyamaze, asiimbe kabisa kwa kipindi, ndipo amfundishe. Miaka michache baadaye alikuwa mmoja wa waimbaji waliosikilizwa kuliko wote Ulaya, na kisha Marekani. García huyo huyo ndiye aliyefanikiwa mwaka 1854 kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, kwa kioo kidogo kama cha daktari wa meno na mwanga wa jua ulioakisiwa kwenye kioo kingine. Napenda kufikiria kwamba alikuwa amesikia sauti nyingi sana zilizoharibika mpaka akashindwa kuendelea kubahatisha.

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, acha kutafuta zoezi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Ukiviweka sambamba

Kwa muda: ufundi unataka vipindi vifupi vya mara kwa mara. Dakika 15 au 20 kila siku zinazaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu unazoesha misuli, na misuli inakumbuka kinachorudiwa. Mtindo unataka masaa marefu ya kusikiliza. Unaweza kuufanyia kazi ukiwa umelala na sauti haikuruhusu kuimba. Watu wengi wanaojiita wanafunzi wa mtindo hawasikilizi vya kutosha. Wanasikiliza mwimbaji mmoja, tena wa kizazi chao, wakati huyo mwimbaji mwenyewe aliwasikiliza kumi waliomtangulia.

Kwa kujifundisha peke yako: mtindo unavumilia zaidi. Ukikosea pambo, utasikika mshamba kidogo, basi. Ukikosea ufundi mwaka mzima bila jicho la mtu, unajenga tabia ambayo kuibomoa ni kazi kuliko kuijenga. Kama fedha yako inatosha mwalimu mmoja tu kwa muda mfupi, mlipe wa ufundi, mtindo ukautafute kwenye rekodi.

Kwa kuhama kutoka muziki mmoja kwenda mwingine: ufundi wa msingi unasafiri, mtindo unabaki nyumbani kwake. Mwimbaji wa jazz anayeingia kwaya ya kanisa ataondoka na pumzi yake, ila mazoea yake ya kuchelewesha maneno yatawavuruga wenzake wa alto kuanzia ubeti wa kwanza.

Kwa kumtambua mwalimu: wa ufundi akuambie ni nini mwilini kinachobadilika, kwa maneno unayoyaelewa, na asikuache ukiumia eti ndiyo kukua. Wa mtindo akutajie waimbaji watatu wa muziki huo na akuonyeshe kwa sauti yake wanatofautianaje. Akishindwa, anafundisha ladha yake mwenyewe.

Zipo tamaduni ambazo hazikuwahi kuvitenganisha. Katika uimbaji wa kale wa Uhindi, mwanafunzi anaanza kwa kushikilia noti moja, Sa, kwa muda mrefu, siku baada ya siku, huku akisikiliza jinsi mwalimu anavyoifikia na kuiacha. Pumzi, usahihi wa noti na ladha ya muziki vinaingia kwa mlango mmoja. Naona huko ndiko ukweli uliko. Kuvitenganisha ni jambo la ratiba na mfuko. Mwimbaji ni mmoja.

Basi uanze na kipi

Kama unaumia, unakauka sauti, unapotea noti kila unapopanda, au huwezi kumaliza mstari kwa pumzi moja: ufundi kwanza, bila mjadala, na mtindo usubiri miezi kadhaa. Usiache nyimbo kabisa, lakini chagua zilizo ndani ya uwezo wako na uzishushe ufunguo bila haya.

Kama koo liko salama, noti ziko mahali pake, na watu wanakuambia "umeimba vizuri" kwa sauti ile ile wanayotumia kusifu mwandiko: mtindo. Zoezi la ziada la pumzi halitakusaidia. Wewe unahitaji kukaa na rekodi moja, kuiiga pumzi kwa pumzi mpaka ujue kila neno linaanguka wapi, kisha kuiacha na kuimba kwa namna yako.

Kama unaanza kabisa, hujui hata shida yako ni ipi: anza na ufundi, ila ndani ya muziki unaoupenda. Hapa natofautiana na walimu wengi wanaomlisha mwanafunzi ngazi za do-re-mi mwaka mzima kabla ya wimbo. Nimewaona wakiacha, na walioacha hawakuwa wavivu. Walikuja kwa ajili ya nyimbo. Theluthi mbili za muda kwa ufundi katika miezi ya mwanzo inatosha, theluthi moja kwa wimbo wenyewe, na baadaye mizani inajigeuza yenyewe.

Kama wewe ni wa kwaya, ujue mtindo wako si wako peke yako. Vokali zenu zinatakiwa zifanane, vibrato yako isiwapite wenzako. Ufundi hapo unakusaidia kupunguza, na kupunguza bila koo kujikaza ni kugumu kuliko kuongeza.

Na kama ni mwimbaji wa jukwaani mwenye onyesho wiki ijayo, usibadilishe ufundi sasa. Mwili ulio katikati ya kujifunza njia mpya utarudi kwenye ya zamani mbele za watu, na utakuwa huna hata moja. Fanyia kazi maneno.

Turudi kwenye mstari wetu. Saa moja ya somo, mimi ningeigawa hivi. Dakika kumi za mrija, mahadhi yale yale yenye kilele, mpaka mapovu yasirukeruke. Dakika kumi na tano za "vu-vu-vu", kisha vokali peke yake: u-i-u, u-e-i-i-a, i-a-i-a, u-a-i, kila moja ikiwa wazi kama unavyoisema. Hapo ndipo maneno yanaingia. Kwanza uyaseme, kama mtu aliyechelewa kweli na njia bado ndefu. Uone mwenyewe ni neno gani linalemea. Kwa mmoja ni "usiku", kwa mwingine ni "nyumbani". Liimbe hilo polepole, na mengine yalifuate. Ukifika kwenye "umeingia", shika kidevu kwa vidole viwili. Kama kimetulia, endelea. Kama kimeinuka, rudi kwenye mrija.